Baiskeli Mlimani: Usalama Huamuliwa Kabla ya Mteremko

Wikendi inapofika, vijana, familia na wageni huwasili katika lango la Elsa la Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, wakiwa tayari kuendesha baiskeli. Baadhi wamekuja na baiskeli zao, wengine wamezikodi njiani muda mfupi kabla ya kuingia. Juu ya mji wa Nakuru, kwenye vijia vya ukingo wa Menengai, wako wanaopanda alfajiri kwa mazoezi na kuteremka jua linapochomoza. Mchezo huu hauhitaji uwanja uliojengwa wala timu kamili. Unahitaji baiskeli iliyo sawa, njia na mwendeshaji anayejua anachofanya.

Tatizo ni kwamba wengi hujifunza kupanda mlima kabla ya kujifunza kuuteremka. Kupanda humchosha mtu na kumlazimisha apumzike. Kuteremka hakumchoshi, na ndiyo sababu humdanganya. Mwendeshaji anapoanguka katikati ya mteremko, chanzo cha kuanguka huko aghalabu hakiko pale alipoangukia. Kiko nyuma yake: breki ambazo hakuzikagua nyumbani, kiti alichokiacha juu mno, kona aliyoingia kwa kasi kisha akajaribu kupunguza mwendo akiwa ndani yake, au wingu aliloliona na kulipuuza. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwenye baiskeli ya milimani, huo ndio ujuzi wenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiandaa baiskeli, jinsi ya kuimudu na jinsi ya kurudi nyumbani salama, kwa wakazi ambao tayari wanajua kuendesha na sasa wanataka kuziacha barabara za lami.

Njia zetu na tabia zake

Kaunti ya Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilitokana na volkeno. Jambo hili lina maana kwa mwendeshaji. Udongo wa majivu ya volkeno, hasa upande wa Naivasha, huwa vumbi jepesi wakati wa kiangazi. Tairi huzama ndani yake na usukani huyumba. Mvua ikinyesha, udongo huohuo huchimbwa na maji kwa urahisi, na kijia kilichokuwa laini wiki iliyopita huweza kuwa na mfereji wenye kina cha goti katikati yake.

Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984 na ina eneo la kilomita mraba 68 hivi. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli miongoni mwa wanyama. Barabara ya kutoka lango la Elsa, kupita mnara wa mawe wa Fischer na kuelekea korongo la Ol Njorowa, ni ya vumbi na changarawe, na si ngumu kwa anayeanza. Hata hivyo, wengi hugundua wakati wa kurudi kwamba barabara iliyowapeleka kwa wepesi asubuhi sasa inawapandisha, na jua limekuwa kali. Nguvu za kurudi zahesabiwe kabla ya kuondoka langoni.

Menengai ni tofauti. Ukingo wake unafikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari na kingo za kreta ni za mwinuko mkali. Vijia vyake vina mawe, mizizi na vumbi, na baadhi hupita karibu na genge. Hapo si mahali pa kujifunzia breki. Msitu una wasimamizi wake, Shirika la Huduma za Misitu Kenya, na mwendeshaji anapaswa kuuliza ni njia zipi zinazoruhusiwa badala ya kukata njia yake mwenyewe. Kijia kipya kinachochongwa na matairi kwenye mteremko huwa mkondo wa maji mvua ya kwanza inaponyesha.

Baiskeli inayomtosha mwenyewe

Baiskeli kubwa kuliko mwendeshaji ni hatari kwenye mteremko. Kipimo cha kwanza ni rahisi: mwendeshaji asimame mbele ya kiti, miguu yote miwili chini, juu ya bomba la fremu. Pawe na nafasi ya kutosha, angalau vidole vitatu hadi vinne, kati ya mwili wake na bomba hilo. Ikiwa hakuna nafasi, siku atakayolazimika kuruka chini ghafla ataumia. Wazazi wanaowanunulia watoto baiskeli kubwa "ili wakue nazo" wafahamu kwamba mtoto asiyefika chini vizuri, au asiyeweza kuufikia mkono wa breki kwa vidole vyake, hana breki.

Kiti hupimwa kwa kisigino. Mwendeshaji akikaa kitini na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba upande. Anapoendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hicho ndicho kimo cha kupandia mlima na kwendea tambarare. Kabla ya mteremko mrefu wenye mawe, kiti kishushwe, kwa sentimita 5 hadi 10, ili mwili upate nafasi ya kusogea chini na nyuma. Bomba la kiti lina alama inayoonyesha mwisho wa kulivuta juu. Likipita alama hiyo linaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Mikono ya breki nayo ina mahali pake. Mwendeshaji akiwa amesimama juu ya pedeli, mkono wake kuanzia kiwiko hadi kidole uwe mstari mmoja bila kifundo kukunjwa juu. Kama mikono ya breki imetazama mbele moja kwa moja, kifundo hukunjika na huchoka upesi, nao mkono uliochoka hauwezi kushika breki barabara. Kidole kimoja kinatosha kwa breki za diski zilizo katika hali nzuri. Breki za mpira unaobana rimu huhitaji viwili. Vidole vinavyobaki vishike usukani.

Kuna jambo linalowahusu hasa wanunuzi wa baiskeli za mitumba. Baiskeli hizo hutoka nchi tofauti, na si zote zina breki ya mbele upande uleule. Katika baadhi yake mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Katika nyingine ni wa kushoto. Mwendeshaji aliyezoea mpangilio mmoja akipewa baiskeli yenye mpangilio mwingine anaweza kushika breki ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma. Vivyo hivyo kwa baiskeli ya kukodi. Dakika moja ya kujaribu kila breki kwa mwendo wa polepole, kwenye ardhi tambarare, huondoa hatari hiyo.

Hewa ya matairi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tairi lililojazwa hadi kuwa gumu kama jiwe hurukaruka juu ya kokoto na kuteleza. Lililo laini mno hugonga rimu na tyubu hupata matundu mawili kwa mpigo. Kwa mwendeshaji wa kilo 70 hivi, mwenye tairi pana za inchi 2 na zaidi zenye tyubu, mahali pazuri pa kuanzia ni psi 30 hadi 35, tairi la nyuma likizidi la mbele kidogo. Mzito aongeze, mwepesi apunguze, lakini wote wabaki ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Anayekwenda kwa lami hadi njia ya msitu anaweza kuongeza hewa kwa ajili ya barabara na kuipunguza akifika, mradi ana pampu ya kurudia.

Foki yenye shokabsoba haimfanyi mtu kuwa mahiri. Kazi yake ni kuliweka tairi la mbele chini, palipo na mawe. Mwendeshaji akisimama juu ya pedeli, foki inapaswa kuzama kidogo, yapata robo ya mwendo wake wote. Isipozama kabisa ni ngumu mno kwa uzito wake. Ikizama hadi mwisho haina kinga iliyobaki. Foki nyingi za bei nafuu hazina nafasi kubwa ya kurekebishwa, na baiskeli isiyo na shokabsoba kabisa bado inaweza kumfundisha mtu vizuri, kwa kuwa humlazimisha kutumia magoti na viwiko.

Ukaguzi wa dakika tano

Kabla ya kuondoka, ukaguzi ufuate mpangilio uleule kila siku ili pasiwe na kinachosahauliwa: hewa, breki, mnyororo, kisha vinavyofungwa.

Hewa: bonyeza matairi, uyazungushe na kutazama kama kuna mwiba, mpasuko au nyuzi zilizotokeza. Gurudumu linalopepesuka kushoto na kulia linahitaji fundi wa kukaza spoki. Breki: shika mkono wa breki kwa nguvu. Ukigusa usukani, breki hiyo haifai kuteremkia. Tazama kama mpira au pedi imekwisha na kama waya umeanza kukatika nyuzi. Mnyororo: zungusha pedeli kinyumenyume, usikilize kama kuna kukwama, na upitie gia zote. Mnyororo mkavu wenye vumbi ufutwe kwa kitambaa, upakwe mafuta kidogo, kisha ufutwe tena, kwa sababu mafuta yakizidi hukusanya mchanga.

Vinavyofungwa ni magurudumu, usukani, kiti na pedeli. Shika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano kwenye shingo ya fremu, pamelegea. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu la mbele kati ya magoti, ujaribu kuzungusha usukani. Usukani usizunguke peke yake. Mwisho inua baiskeli sentimita chache na kuiachia. Kila kinacholia kina sababu ya kulia.

Anayenunua ya mitumba aangalie pia sehemu ambapo bomba za fremu zimeungana karibu na shingo. Rangi iliyokunjamana au mstari mwembamba wa kutu hapo huweza kuwa ufa. Fremu yenye ufa haichomelewi kisha ikapelekwa mlimani.

Mkao: miguu mizito, mikono myepesi

Kwenye barabara ya lami mtu hukaa kitini. Kwenye njia mbovu husimama. Pedeli zote mbili ziwe sambamba na ardhi ili zisigonge mawe, magoti na viwiko vikunjwe na kutanuliwa kidogo, visigino vishuke chini, kidevu kiinuke. Uzito wote uende miguuni. Mikono iongoze usukani bila kuuning'inia. Kipimo chake ni hiki: kama mwendeshaji angeweza kufungua vidole kwa nukta moja bila kuangukia mbele, uzito uko mahali pake.

Baiskeli iachwe itikisike chini ya mwili. Anayeganda juu yake, viwiko vimenyooka na meno yamekazwa, hupokea kila jiwe mabegani na hutupwa kando na jiwe dogo tu.

Macho nayo huongoza. Mtu huelekea anakotazama. Anayelikazia macho shimo huingia shimoni. Anayetazama nafasi iliyo kando ya shimo hupita kwenye nafasi hiyo. Macho yatazame mbele, umbali wa sekunde mbili au tatu za mwendo, yakirudi karibu mara mojamoja. Kasi ikiongezeka, macho yaende mbali zaidi. Pale ambapo njia haionekani, kwa mfano baada ya kilele au kona yenye kichaka, mwendo uwe ule unaomwezesha mtu kusimama ndani ya sehemu anayoiona.

Breki kabla ya kona

Wengi wamefundishwa kuogopa breki ya mbele. Hofu hiyo ina sababu, lakini imewaacha wakitegemea breki dhaifu. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito husogea mbele, na tairi la mbele hugandamizwa ardhini wakati la nyuma linapata wepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kusimamisha, na ya nyuma hufungwa na kuburuta kwa urahisi. Kinachomrusha mtu juu ya usukani ni kuishika ya mbele ghafla huku mwili umesimama wima na mikono imenyooka.

Njia salama ni kuzishika zote mbili pamoja, polepole kisha kwa nguvu inayoongezeka, wakati huohuo nyonga zikisogea nyuma na visigino vikishuka. Gurudumu likianza kuburuta, breki ilegezwe kidogo kisha ishikwe tena. Gurudumu lililofungwa haliongozeki, na la mbele likifungwa kwenye changarawe, mtu huwa chini kabla hajajua.

Kanuni ya kona ni moja: kasi hupunguzwa wakati baiskeli bado imenyooka. Tairi lina kiasi fulani tu cha kushika ardhi. Likikitumia kusimamisha, halibaki na cha kukata kona. Mwendeshaji apunguze mwendo kabla, aachilie breki au aiguse kwa wepesi tu, atazame mwisho wa kona, akanyage pedeli ya upande wa nje hadi chini, na ailaze baiskeli zaidi kuliko mwili. Aingie polepole, atoke kwa kasi. Anayeingia kwa kasi hutokea kichakani.

Kupanda, mchanga na mawe

Kwenye mlima, gia nyepesi ichaguliwe kabla ya mwinuko kuanza, kwa sababu kubadilisha gia huku mnyororo umekazwa kwa nguvu zote huukata. Mwili usogee kwenye ncha ya kiti na kifua kiiname ili tairi la mbele lisiinuke, lakini uzito usihame wote, la sivyo la nyuma litazunguka bure. Pumzi ndiyo saa ya mwendo. Anayeweza kusema sentensi nzima atafika juu. Anayehema kwa neno moja moja amekwenda haraka mno.

Kwenye vumbi jingi au mchanga, usukani usipinduliwe kwa ghafla. Uzito usogee nyuma kidogo, miguu iendelee kuzungusha kwa gia ya wastani, na tairi la mbele liachwe lielee. Kwenye mfereji uliochimbwa na maji, mtu akishaingia afuate mfereji hadi panapotokea njia. Kujaribu kupanda ukingo kwa pembe nyembamba hulikwamisha tairi na kumwangusha. Kwenye jiwe au mzizi, mwili uzame kisha uinuke, usukani uvutwe kwa wepesi ili gurudumu la mbele lipande, na uzito ulifuate ili la nyuma lipite. Mzizi uliolowa ukatwe kwa pembe iliyonyooka, bila breki.

Na pale ambapo mtu hana hakika, ashuke na kuisukuma. Kushuka si aibu. Waendeshaji wazoefu hushuka, hutembea na kutazama, hupanga njia, kisha huamua kama watapita au la.

Uwanja wa kujifunzia uko karibu

Ujuzi huu wote unaweza kujengwa kwenye uwanja wa shule au wa mpira, kwa ruhusa ya wenyewe. Chupa 6 za maji zipangwe kwa mstari, hatua 3 kati yake, na mwendeshaji apite akizizunguka bila kugusa ardhi. Zikishazoeleka, zisogezwe. Mstari uchorwe kwa kijiti, na mwendeshaji aje kwa kasi ya wastani na kusimama kwenye mstari huo kwa breki ya nyuma pekee, kisha ya mbele pekee kwa upole, kisha zote mbili. Tofauti ya umbali itamfundisha zaidi ya maelezo yoyote. Mashindano ya kwenda polepole, ambayo mshindi ni wa mwisho kufika bila kuweka mguu chini, huwafurahisha watoto na kujenga mizani inayotumika kwenye mawe.

Baiskeli ya bei kubwa si sharti. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mbio za Tour de France mara 4, aliendesha baiskeli ya milimani akiwa kijana pamoja na David Kinjah, kwenye vilima na njia za vumbi za upande wa Kikuyu. Njia kama hizo hazijaiishia kaunti hii.

Mvua na korongo

Mvua za masika huanza Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba, ingawa zinaweza kunyesha nje ya miezi hiyo. Njia ikilowa, umbali wa kusimama huongezeka, na udongo unaonata hujaa kwenye matairi na breki. Ikiwa tairi linaacha alama yenye kina, mwendeshaji anajiharibia mwenyewe na anawaharibia wenzake njia. Safari iahirishwe.

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwenye baiskeli. Waendeshaji wengi wa Hell's Gate huziacha baiskeli zao juu na kuteremka kwa miguu katika korongo la Ol Njorowa. Korongo hilo ni jembamba, lenye kuta ndefu, na hupokea maji kutoka nyanda zilizo juu yake. Mvua inaweza kunyesha mbali na mbingu ya hapo ikawa safi, kisha maji yakafika kwa ghafla. Aprili 2012 na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu katika korongo hilo. Katika mkasa wa 2019 pekee walifariki watu 7. Anayefika aulize langoni kama korongo liko wazi siku hiyo, afuate agizo la askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) bila kubishana, na asiingie bila kiongozi. Kukiwa na mawingu mazito upande wowote, asiingie kabisa. Kiingilio kilicholipwa si sababu ya kuingia.

Wanyama, mifugo na watu

Pundamilia, twiga, ngiri na swala hawana shida na baiskeli inayopita taratibu barabarani. Nyati ni suala jingine. Akionekana karibu na njia, waendeshaji wasimame mbali, wakae pamoja, wamwachie nafasi ya kuondoka, na wageuke kama haondoki. Asizungukwe, asipigiwe kelele, asikaribiwe kwa ajili ya picha. Mtu asipite kati ya mnyama na mtoto wake. Nyani huvutwa na chakula, kwa hiyo chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa.

Nje ya mbuga, vijia vingi vya msituni ni njia za watu kabla ya kuwa njia za baiskeli. Hupitiwa na wachungaji, wanafunzi, na akina mama waliobeba kuni ambao hawawezi kuruka kando. Mwendeshaji apunguze mwendo akiwa bado mbali, asalimie kwa sauti ili asikike, angoje aonekane, kisha apite kwa mwendo wa mguu. Penye ng'ombe au mbuzi, asimame na kumwachia mchungaji awapange. Anayeteremka humpisha anayepanda. Na kwenye barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha, yenye malori na matatu, waendeshaji wafuatane mmoja nyuma ya mwingine upande wa kushoto, wakiwa na nguo inayoonekana, na taa giza linapoingia.

Kofia, maji na mkoba

Kofia ya usalama ikae sawa juu ya paji, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe nyuma kama kofia ya jua. Mikanda ikutane chini ya sikio, na kidole kimoja tu kipite chini ya kidevu. Iliyowahi kugonga chini katika ajali haitumiki tena hata kama haionyeshi ufa. Kwa sababu hiyo, kofia ya mitumba ni kamari. Glavu hulinda viganja, na miwani huzuia vumbi.

Maji yasipungue nusu lita kwa kila saa, na zaidi jua linapokuwa kali. Mkobani kuwe na tyubu ya akiba au viraka na solusheni, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, funguo za alani, bandeji na kitambaa safi, na simu yenye chaji. Kabla ya kuondoka, mtu wa nyumbani aambiwe njia itakayofuatwa na saa ya kurudi. Kwenye kundi, anayeifahamu njia atangulie na mwingine mzoefu awe wa mwisho, na kila njia panda kundi lisubiriane.

Ajali ikitokea

Wa kwanza kufika azuie wengine wanaoteremka wasiwagonge walioko chini. Majeruhi asivutwe kuinuliwa. Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa hana hisia mikononi au miguuni, asisogezwe mpaka msaada ufike, isipokuwa mahali alipo pana hatari ya papo hapo. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kitambaa safi kinachokandamizwa juu ya jeraha bila kuachiwa.

Aliyegonga kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, akiwa na maumivu ya kichwa yanayozidi au akizirai hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitalini mara moja. Nambari za dharura ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Ndani ya mbuga, askari wa KWS waarifiwe pia. Anayepiga simu ataje lango au mahali maarufu palipo karibu, njia iliyofuatwa, idadi ya waliojeruhiwa na hali yao.

Mkazi anayetaka kuanza wikendi hii anaweza kuanza leo jioni: apime kiti kwa kisigino, ajue mkono upi unashika breki ya mbele, ajaribu kusimama kwenye mstari uliochorwa uwanjani. Njia ya mlimani itakuwepo kesho, na anayeichelewesha kwa siku moja ili abadilishe waya wa breki hajapoteza kitu.